Bastola ndogo za shabaha: Soko linaloamuliwa na bei ya risasi

Mwaka 1949, katika mji mdogo wa Southport, jimbo la Connecticut nchini Marekani, William Ruger na mwenzake Alexander Sturm walianzisha kiwanda kwa mtaji wa dola 50,000. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa bastola ya kulengea shabaha inayotumia risasi ndogo ya .22, na waliiuza kwa dola 37.50. Washindani wao, Colt na High Standard, walikuwa wakichonga bastola zao kutoka kwenye mapande ya chuma, kazi inayokula saa nyingi za mafundi. Ruger alichukua bamba la chuma, akalikandamiza kwa mashine kuwa nusu mbili za mshikio, kisha akazilehemu pamoja. Gharama ikashuka bila shabaha kuharibika.

Colt iliacha kutengeneza Woodsman, bastola iliyokuwa sokoni tangu 1915, mwaka 1977. High Standard ilifunga milango katika miaka ya 1980. Ruger sasa imeorodheshwa katika Soko la Hisa la New York, na mjukuu wa bastola ile ya kwanza, Mark IV, bado yuko madukani.

Mengi yamebadilika tangu wakati huo: plastiki imeingia mahali pa chuma, na Austria, Brazil na Ujerumani zimejipenyeza sokoni. Jambo moja halijabadilika. Watu hununua bastola ya .22 kwa sababu risasi yake ni rahisi kuliko nyingine zote. Anayetaka kuielewa biashara hii, au kuchagua bastola bila kujutia, aanzie kwenye risasi.

Hesabu ya risasi

Risasi ya .22 Long Rifle ilitolewa mwaka 1887 na kampuni ya Stevens ya Massachusetts. Kipenyo chake ni kama milimita 5.6, na kichwa chake cha kawaida cha madini ya risasi kina uzito wa gramu 2.6. Tofauti yake na risasi nyingi za leo ni namna inavyowaka. Risasi ya milimita 9 ina kiwashio kilichopachikwa katikati ya kitako chake. Ya .22 haina kipande hicho. Kemikali ya kuwashia hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi hadi kemikali isambae kwenye ukingo wa kitako. Pini ya bastola hugonga ukingo huo, ukabonyea, na baruti ikashika moto.

Ufundi huo unapunguza vipande na gharama. Wakati soko limetulia, risasi moja ya kawaida ya .22 hupatikana kwa kati ya senti 6 na 10 za Marekani, ilhali ya milimita 9 hucheza kwenye senti 20 hadi 30. Chukua mtu anayekwenda uwanja wa shabaha mara mbili kwa mwezi na kufyatua risasi 200 kila anapokwenda. Kwa mwaka atatumia risasi 4,800. Kwa senti 8 kila moja, atalipa dola 384. Kwa senti 25, atalipa dola 1,200. Tofauti hiyo ya dola 816 inanunua bastola nzuri ya .22, na chenji inabaki.

Kuna upande mwingine wa sarafu ambao wenye viwanda wanaujua vizuri. Mtu wa milimita 9 anaweza kuokota maganda yake, akayawekea kiwashio kipya na baruti nyumbani kwake. Ganda la .22 likishagongwa ukingo, kazi yake imekwisha. Mteja hana budi kurudi dukani, wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka. Bastola huuzwa mara moja, risasi huuzwa maisha yote.

Viwanda vichache, wenye mali wachache zaidi

Mitambo ya kujaza kemikali kwenye ukingo haifanani na ile ya risasi za milimita 9, na kemikali yenyewe ikikauka ni hatari kuishika. Kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuhamisha mashine kutoka huku kwenda kule soko linapochemka, na kuongeza uzalishaji ni uwekezaji wa miaka.

Udhaifu huo ulijitokeza wazi baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012. Wanunuzi walihofia sheria mpya, wakakomba rafu. Maduka ya Walmart yakaweka kikomo cha maboksi matatu kwa mteja mmoja kwa siku. Aina nyingine za risasi zilirudi madukani mapema kiasi, lakini ya .22 ilibaki adimu kwa miaka kadhaa. Urahisi wake ndio ulioiponza: mtu wa kipato cha kawaida aliweza kununua maelfu na kuyahifadhi stoo, na walanguzi wakapata cha kuuza upya kwa faida. Mwaka 2020, janga la korona lilileta uhaba wa namna ile ile.

Umiliki nao umejikusanya. CCI ya Lewiston, Idaho, na Federal ya Anoka, Minnesota, ni majina mawili makubwa ya risasi za .22 nchini Marekani. Yote mawili, pamoja na kiwanda cha risasi cha Remington kule Lonoke, Arkansas, yalikuwa chini ya kampuni ya Vista Outdoor. Novemba 2024 yakauzwa kwa Czechoslovak Group ya Jamhuri ya Cheki kwa takriban dola bilioni 2.2. Kundi hilo tayari lilikuwa limeichukua Fiocchi ya Italia. Nje ya kundi hilo wapo Winchester, mali ya kampuni ya Olin, inayotengeneza .22 mjini Oxford, Mississippi, na Aguila ya Mexico. Kwa wapiga shabaha wa mashindano wapo Eley ya Birmingham, Uingereza, SK ya Ujerumani na Lapua ya Finland, ambazo bei yake ni kubwa zaidi kwa sababu kila risasi inatakiwa ifanane na mwenzake.

Mteja anaweza kuona majina matano kwenye rafu na kudhani ana watengenezaji watano wanaogombania fedha yake. Matatu kati ya hayo huenda yana bosi mmoja.

Rafu nne za bastola

Upande wa bastola ushindani bado ni mkali, na unafaa kutazamwa kwa bei.

Rafu ya chini kabisa ni ya chini ya dola 250. Hapa yupo Heritage Rough Rider, rivolva ya mtindo wa wachunga ng'ombe wa sinema, ambayo kampuni yake ilinunuliwa na Taurus ya Brazil. Ruger ilijibu mwaka 2019 kwa Wrangler, iliyotangazwa kwa dola 249. Kel-Tec ya Florida ina P17, bastola ya plastiki ya risasi 16 isiyofika nusu kilo, iliyotolewa kwa bei ya kiwandani ya dola 199. Rivolva za rafu hii ni za polepole: kila mlio unatanguliwa na kuvuta nyundo kwa kidole gumba. Kwa anayejifunza, upole huo ni faida, na kwa anayelipia risasi ni faida mara mbili.

Rafu ya pili, kati ya dola 300 na 450, ndiyo yenye vurugu za biashara. Taurus ilileta TX22 mwaka 2019, na Glock ya Austria ikaingia mwanzoni mwa 2020 na Glock 44. Walther, iliyo chini ya Umarex ya Arnsberg, Ujerumani, ilikuwapo tangu mapema na P22 yake, na Ruger ilitoa SR22 mwaka 2012. Nyingi za bastola hizi zimeumbwa zifanane na zile za milimita 9. Glock 44 ina umbo na ukubwa wa Glock 19, ili mwenye 19 afanye mazoezi kwa bei ya .22. Mwenye kiwanda anauza bidhaa na kujenga uaminifu kwa chapa: mkono uliozoea mshikio mmoja hauhami upesi.

Rafu ya tatu ni ya bastola zilizozaliwa kwa ajili ya shabaha: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark iliyotoka mwaka 1985, na Smith & Wesson SW22 Victory ya 2016. Bei huanzia dola 400 na kitu na kupanda kufuatana na mtutu na vilengeo. Rafu ya nne, ya zaidi ya dola 1,000, ina Smith & Wesson Model 41 na bastola za mashindano kama Pardini ya Italia. Michezo ya Olimpiki hutumia .22 katika mashindano ya bastola ya mita 25, lakini anayepiga makopo Jumamosi hana haja ya kufika huko.

Risasi inavyoitengeneza bastola

Nguvu ya .22 ni ndogo, na katika bastola zinazojipakia zenyewe ni nguvu hiyo hiyo inayosukuma chuma cha juu nyuma na kuvuta risasi inayofuata. Chuma kikiwa kizito, bastola inakwama. Ndiyo maana TX22 ina aluminiamu sehemu ya juu, na Glock 44 imechanganya chuma na plastiki. Risasi zenye kasi ndogo zinaweza kushindwa kabisa kuzungusha mtambo. Mnunuzi mwenye busara hanunui boksi la 5,000 siku ya kwanza. Hununua maboksi madogo ya aina tatu au nne, kisha bastola yenyewe ikachagua.

Ukingo unaojitokeza kwenye kitako una tabia ya kunasana ndani ya magazini risasi zikipangwa vibaya. Kichwa cha risasi hupakwa nta au mafuta kwa nje, na vumbi la baruti hushikamana nayo. Bastola ya .22 huchafuka haraka, kwa hiyo urahisi wa kuifungua ni kigezo cha bei. Ruger iliuza Mark I, II na III kwa miongo mingi huku wateja wakilalamikia ugumu wa kuzifungua na kuzirudisha. Mwaka 2016 ikatoa Mark IV yenye kitufe kimoja nyuma, ukibonyeza bastola inajikunja na kufunguka. Mwaka uliofuata kampuni ilizirudisha kiwandani zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017, kwa sababu ya kasoro ya kizuizi cha usalama. Anayenunua Mark IV iliyotumika akague kwanza namba ya bastola.

Kwa shabaha tupu, mtutu uliofungwa imara na vilengeo visivyorudi nyuma na chuma kila mlio ni bora. Mark IV na Buck Mark zinavyo vyote viwili. Uzito nao unasaidia: Mark IV yenye mtutu mnene inazidi kilo moja, na mkono hautikisiki ovyo. P17 ni nyepesi mfukoni, lakini wepesi huo huo unafanya kila kosa la kidole lionekane kwenye karatasi.

Kodi, sheria na mnunuzi

Tangu sheria ya mwaka 1937, serikali ya Marekani hutoza watengenezaji na waagizaji kodi maalumu kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori. Bastola, zilizoongezwa mwaka 1970, hulipa asilimia 10; risasi hulipa asilimia 11. Bastola za kigeni zina mtihani wa ziada: hupewa alama kwa urefu, uzito, usalama na vilengeo, na inayojipakia yenyewe isiyofikisha alama 75 haiingii nchini. Vilengeo vya kurekebisha na mshikio wa shabaha kwenye bastola fulani ya bei rahisi kutoka nje vinaweza kuwa vimewekwa kwa ajili ya afisa wa serikali kabla ya mpiga shabaha.

Masoko mengine yamefungwa. Uingereza bara ilipiga marufuku bastola mwaka 1997 baada ya mauaji ya Dunblane, zikiwemo za .22. Kanada ilisimamisha uuzaji wa bastola kwa raia Oktoba 2022. Kule Kenya na Tanzania, silaha ni jambo la leseni ya mtu mmoja mmoja.

Wasomaji wetu wanaoishi Marekani wazingatie yafuatayo. Duka lenye leseni haliuzi bastola kwa mtu aliye chini ya miaka 21, na kwa kawaida mnunuzi hukaguliwa rekodi zake. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho hata kuishika, ila kwa misamaha michache, na kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Majimbo nayo yana masharti yao.

Hukumu ya makala hii ni hii: anayetaka starehe ya shabaha peke yake anunue bastola ya rafu ya tatu, yenye mtutu uliosimama na inayofunguka kirahisi. Mwenye fedha kidogo achukue rivolva ya dola 200. Anayemiliki ya milimita 9 tayari achague ya .22 inayofanana nayo. Vyovyote atakavyoamua, atenge katika bajeti hiyo hiyo fedha ya miwani, vizibo vya masikio, sanduku la kufuli na risasi 2,000 za mwanzo, na anawe mikono kabla ya kula kwa sababu madini ya risasi ni sumu. Na anunue kidogo kidogo wakati rafu zimejaa. Uhaba ulikuja mara mbili ndani ya miaka kumi, na kila ulipokuja, bei ya bastola haikuwa tatizo.