Mivunjiko ya Pingili za Mgongo na Tiba Yake: Mtazamo kutoka Arua na Koboko, Nile Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mivunjiko ya pingili za mgongo inavyotokea na inavyotibiwa, yakiangalia hasa Arua na Koboko katika eneo la Nile Magharibi, Uganda. Hoja kuu ni kwamba hatima ya majeruhi wengi huamuliwa na mambo matatu yaliyo nje ya chumba cha upasuaji: namna walivyonyanyuliwa mahali pa ajali, uwezo wa hospitali ya karibu kutofautisha mvunjiko tulivu na usio tulivu, na utunzaji wa ngozi na kibofu katika miezi inayofuata. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020. Hospitali yake ya rufaa ya mkoa huhudumia wilaya za Nile Magharibi na hupokea pia wagonjwa kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudani Kusini. Koboko, kiasi cha kilomita 55 kaskazini mwa Arua, ipo karibu na mahali mipaka ya nchi hizo tatu inapokutana. Kutoka Arua hadi Kampala, iliko Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, ni karibu kilomita 500 kwa barabara, na njia hiyo huvuka mto Nile mara mbili, Pakwach na Karuma. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2024, wasafiri walilazimika kutafuta njia za kuzunguka. Kwa abiria wa kawaida huo ulikuwa usumbufu. Kwa mtu aliyevunjika pingili, umbali na mitikisiko ya safari ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Uzito wa tatizo hili unatambuliwa kimataifa. Katika taarifa yake ya mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu kati ya 250,000 na 500,000 huumia ugwe wa mgongo kila mwaka, na kwamba uwezekano wao wa kufa mapema ni mara mbili hadi tano ya ule wa watu wengine. Taarifa hiyo ilionyesha pia kuwa vifo vingi huzuilika, na kwamba pengo ni kubwa zaidi katika nchi zenye kipato kidogo.

2.0 Maumbile na istilahi

Safu ya mgongo ina pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga zilizoungana, na kwa kawaida 4 za kifandugu. Ndani yake hupita ugwe wa mgongo, yaani fungu la neva linalopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha hisia. Ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki nyuzi za neva pekee, ambazo huhimili majeraha vizuri zaidi kuliko ugwe wenyewe.

Katika matumizi ya kila siku, neno "uti wa mgongo" hutumika kwa mifupa na kwa ugwe pia. Aidha, "homa ya uti wa mgongo" ni maambukizi yasiyohusiana kabisa na kuvunjika, na Nile Magharibi ipo ndani ya ukanda wa Afrika unaokumbwa na milipuko ya homa hiyo. Mgonjwa anayeambiwa tu kuwa "uti wa mgongo umeathirika" hawezi kujua kama ana maambukizi, mfupa uliovunjika au ugwe ulioumia. Katika eneo ambamo Kilugbara na Kikakwa huzungumzwa nyumbani, na Kiswahili husikika sokoni, kambini na mpakani, utata huo una madhara ya kweli. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Usahihi wa istilahi za tiba ni sehemu ya kuutekeleza uamuzi huo. Makala haya yanatumia "pingili" kwa mfupa na "ugwe" kwa neva.

3.0 Namna mivunjiko inavyotokea

Pingili huvunjika kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni kugandamizwa: nguvu hushuka wima na kuiponda pingili, kama inavyotokea mtu aangukapo kutoka juu na kutua kwa miguu au makalio. Nguvu ikizidi, pingili hupasuka na vipande vyake huweza kusukumwa nyuma kuelekea ugwe. Ya pili ni kukunjwa kwa ghafla hadi kano za nyuma zikachanika. Ya tatu ni kukunjwa pamoja na kuzungushwa, ambapo pingili moja huteleza juu ya nyingine. Aina hii ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote. Eneo linaloumia mara nyingi ni maungio ya kifua na kiuno, kwa sababu hapo sehemu ngumu iliyoshikwa na mbavu hukutana na sehemu inayojikunja.

Mazingira ya Nile Magharibi yanatoa nafasi kwa njia zote hizo. Pikipiki za boda boda ndizo usafiri wa wengi, na barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imerahisisha biashara ya mipakani na kuruhusu mwendo wa kasi. Miembe imejaa katika maboma, na msimu wa embe huwapandisha watoto na vijana matawini. Ujenzi, uchimbaji wa mchanga na ubebaji wa mizigo mizito huongeza hatari. Wakimbizi waliopokewa katika makazi kama Rhino Camp, Bidibidi na Lobule wametoka katika maeneo ya vita, na baadhi ya watu hufika wakiwa na majeraha ya risasi.

Si kila pingili huvunjwa na ajali. Kwa wazee, mifupa iliyopungua uzito huweza kupondeka kwa kujikwaa tu. Kifua kikuu cha mgongo, alichokieleza Percivall Pott mwaka 1779, hula pingili taratibu hadi zikaporomoka na kuacha kibiongo. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, yanayoambatana na homa za jioni na kukonda, yanadai uchunguzi wa kifua kikuu. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa kwa miezi mingi, mara nyingi 9 hadi 12, na ukigunduliwa kabla miguu haijalegea, mgonjwa huweza kupona bila upasuaji.

4.0 Tiba

4.1 Saa ya kwanza

Ugwe unaweza kunusurika katika ajali na kuumizwa na waokoaji. Kumnyanyua majeruhi kwa kumshika kwapa na miguu hukunja mgongo. Kumkalisha juu ya pikipiki kati ya dereva na ndugu hukamilisha madhara. Kanuni ni kumgeuza mwili mzima kwa pamoja, kama gogo linalobingirishwa, mtu mmoja akishika kichwa na watatu wakishika mwili, kisha kumlaza juu ya kitu kigumu na bapa. Mlango wa mbao unafaa; blanketi linalobonyea halifai. Nguo zilizokunjwa huwekwa pande zote mbili za shingo. Akishafika hospitalini, majeruhi aondolewe juu ya ubao mapema, kwani ngozi isiyo na hisia huanza kuharibika ndani ya saa chache.

4.2 Uamuzi wa upasuaji

Swali la kwanza la daktari ni kama mvunjiko ni tulivu. Uchunguzi makini wa nguvu za miguu, hisia na misuli ya njia ya haja kubwa, pamoja na picha ya eksirei, hujibu sehemu kubwa ya swali hilo. Mvunjiko wa kugandamizwa usiogusa ugwe hutibiwa kwa dawa za maumivu, mapumziko mafupi na kuanza kutembea mapema. Hata pingili iliyopasuka haihitaji upasuaji daima: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 haukuona faida ya muda mrefu ya upasuaji kwa wagonjwa ambao mvunjiko wao ulikuwa tulivu na neva zao nzima, na utafiti wa Kanada wa mwaka 2014 ulikuta kuwa, kwa wagonjwa wa namna hiyo, waliovaa mkanda mgumu na wasiouvaa walifikia matokeo yanayolingana.

Kwa upande mwingine, mvunjiko usio tulivu, au ugwe unaobanwa na vipande vya mfupa, unadai upasuaji wa haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu majeraha ya shingo ulionyesha kuwa kuondoa mbano ndani ya saa 24 huongeza uwezekano wa neva kupata nafuu. Ni vigumu kwa mgonjwa wa Koboko kufikia muda huo ikiwa rufaa yake inaanza kwa kutafuta gari na nauli. Hivyo, kutofautisha makundi haya mawili mapema kuna faida mbili: humwepusha wa kwanza na safari isiyo ya lazima, na humpa wa pili kipaumbele.

4.3 Utunzaji wa muda mrefu

Kwa karne nyingi kupooza kulihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Mtazamo huo ulibadilishwa na Ludwig Guttmann, aliyefungua kitengo cha majeruhi wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Nguzo za kazi yake zilikuwa uuguzi: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kukilinda kibofu na maambukizi, na kumrudisha katika kazi na michezo. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Marekani alionyesha kuwa mgonjwa anaweza kutoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi, mara kadhaa kwa siku, bila vifaa vilivyotakaswa kihospitali. Maji, sabuni, mipira ya mkojo na mafunzo vinaweza kufika hata kijijini.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Majeruhi wa mgongo katika Arua na Koboko wanahitaji upasuaji ulio karibu zaidi, lakini uwekezaji huo pekee hautawafaa wale wanaopooza njiani au kufa kwa vidonda nyumbani. Makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, madereva wa boda boda, askari polisi na wahudumu wa afya wa vijiji wafundishwe kumbeba majeruhi, kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Pili, mafundi wa kienyeji wa kuunga mifupa washirikishwe kama wapelekaji wa wagonjwa, kwa onyo bayana la kutoukanda wala kuunyoosha mgongo. Tatu, hospitali za wilaya ziwe na mwongozo mmoja wa kupima utulivu wa mvunjiko na kuchunguza kifua kikuu. Nne, godoro linalofaa, mipira ya mkojo na kiti cha magurudumu vihesabiwe kuwa tiba. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008; kwa mtu aliyevunjika mgongo, mkataba huo una maana pale tu anapoishi muda wa kutosha kuzidai haki hizo.