Shahada ya nafsi na mazingira: Anayeisoma ataajiriwa na nani?

Je, mvuvi aliyenyimwa bahari yake anaweza kuugua moyo ilhali mwili wake ni mzima? Zamani swali kama hilo lingejibiwa kwa kicheko. Siku hizi wapo wataalamu wanaolisomea chuoni hadi kiwango cha uzamili, na elimu yao huitwa ekosaikolojia, yaani elimu ya uhusiano baina ya nafsi ya binadamu na mazingira anamoishi. Kijana wa pwani akiitamani elimu hii, mzazi wake atauliza jambo moja kabla ya kuuza mashua au kipande cha shamba ili alipe ada: akishamaliza, ataajiriwa na nani?

Jibu kwa ufupi ni kwamba wagonjwa wapo na kazi ipo, ila cheo ndicho kisichokuwepo. Usitarajie kufungua gazeti ukakuta tangazo la serikali linalotafuta "mwanaekosaikolojia". Mwenye shahada hii huingia kazini kwa mlango wa fani nyingine, na kila mlango una bawabu wake na leseni yake. Asiyejua hilo mapema anaweza kurudi nyumbani na cheti kizuri cha kutundika ukutani.

Tuanze na elimu yenyewe. Jina hilo lilienea kutokana na kitabu alichokitoa Theodore Roszak, mwanahistoria wa Marekani, mwaka 1992. Hoja yake ilikuwa kwamba madaktari wa nafsi humuuliza mgonjwa habari za mama yake, baba yake na ndoa yake, lakini hawamuulizi habari za mto, msitu au ardhi aliyokulia. Tangu hapo vyuo kadhaa vya Marekani, kama vile Naropa katika jimbo la Colorado, vimewahi kufundisha fani hii kwa wanafunzi wa uzamili.

Utafiti unaotajwa sana ulitangulia kitabu hicho. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliopasuliwa kutolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilazwa vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini chini kidogo ya siku 8, na wenzao siku 8.7, tena walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Wagonjwa 46 si wengi, na msomaji asidhani kwamba mti ni badala ya dawa. Hata hivyo utafiti huo uliwafanya madaktari waanze kutazama nje ya dirisha.

Kisha akaja Glenn Albrecht wa Australia. Katika bonde la Hunter, ambako migodi ya makaa ya mawe ilikuwa ikila mashamba, aliwakuta watu wenye majonzi ya ajabu. Hawakuwa wamehama kwao, lakini walikuwa na kiu ya nyumbani kama ya mtu aliye ughaibuni. Kwao ndiko kulikokuwa kumewahama. Mwaka 2003 Albrecht aliibuni hali hiyo jina, solastaljia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilizihimiza serikali kuingiza afya ya akili katika mipango yao ya kukabili mabadiliko ya hali ya hewa.

Sasa tuje Mbwajumali. Kijiji hiki kiko kisiwani Pate, katika Lamu Mashariki, jirani na Faza na Kizingitini, na maisha yake yameshikwa na maji kupwa na maji kujaa. Hata safari ya kwenda Lamu mjini hupangwa kwa kuangalia maji. Mtoto hujua kusi na kaskazi kabla ya kujua Januari na Juni. Mzee akikwambia mwamba fulani ulikuwa na samaki, anakusomea kitabu alichokisoma kwa babu yake.

Na bahari hiyo imeguswa mara nyingi. Mwaka 1998 joto la maji liliua matumbawe mengi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Katika muongo wa 2010 amri za usalama ziliwazuia wavuvi wa Lamu kuvua usiku. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na wakata boriti wa mikoko wakajikuta hawana kazi, katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Tena kukawa na bandari mpya ya Lamu. Ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2012, ukachimba na kutibua maji ambamo wavuvi walikuwa wakitega, na gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021.

Wavuvi walikwenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao, ikiwemo haki ya mazingira safi na haki ya kupewa habari, zilikuwa zimekiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Uamuzi huo ni mkubwa na unastahili sifa. Lakini fidia ya namna hii huhesabu samaki, nyavu na siku za kazi zilizopotea. Haina safu ya kuandikia usingizi. Baba aliyezoea kuamka alfajiri akaenda pwani, na sasa anaamka alfajiri akakaa barazani akitazama maji, hasara yake itiwe katika fungu gani?

Hapa ndipo penye kazi ya mtaalamu tunayemzungumzia, na hapa pia ndipo inapobidi kuonya. Huzuni ya kupotelewa si ugonjwa. Ni jambo la kibinadamu, na aghalabu hupungua kwa dua, kwa mazungumzo ya barazani na kwa kupata shughuli nyingine. Lakini huzuni ikimkaa mtu kutwa kucha kwa zaidi ya majuma mawili, akawa halali au analala kupita kiasi, hali chakula, hana raha na kitu alichokipenda, anajilaumu, ameanza kutafuna miraa au kutumia dawa za kulevya ili asahau, au anasema afadhali kufa, huyo apelekwe zahanati au hospitali ya Faza bila kungoja. Kusomewa hakumzuii mtu kumwona daktari, wala daktari hamzuii mtu kusomewa. Anayetamka habari ya kujiua asiachwe peke yake hata saa moja.

Mlango wa kwanza wa kazi, basi, ni ushauri nasaha na tiba ya nafsi. Ndio mlango ambao vijana wengi huufikiria, na ndio wenye bawabu mkali zaidi. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, nayo inataka kila anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi. Bodi itatazama kama mtu amesomea saikolojia au ushauri nasaha kwa kiwango kinachokubalika, na kama amefanya mazoezi chini ya mtaalamu. Shahada ya ekosaikolojia peke yake, hasa iliyosomwa kwa masafa bila kumwona mgonjwa hata mmoja, huenda isitoshe. Shahada ya ng'ambo nayo lazima kwanza itambuliwe nchini. Kwa hivyo mwenye nia ya kutibu na aanze na shahada ya kwanza ya saikolojia, ambayo hufundishwa Nairobi, Kenyatta na vyuo vinginevyo, kisha uzamili wa tiba ya nafsi au ushauri, na ekosaikolojia iwe nyongeza. Akigeuza mpangilio huo atajikuta anaanza upya akiwa na miaka thelathini na kitu.

Nje ya nchi wako wanaowachukua wagonjwa msituni au mlimani kwa siku kadhaa na kuiita tiba. Baadhi yao ni wataalamu wenye leseni, wengine ni waongoza watalii waliojifunza maneno matamu. Kijana akiona chuo kinachoahidi kumfanya "mponyaji" kwa majuma sita, pesa zibaki mfukoni.

Mlango wa pili ni wa mazingira, na kwa maoni yetu ndio wenye nafasi kubwa kwa mtoto wa Pate. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na wanaoifanya husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA). Tathmini hizo hugusa pia athari kwa jamii. Ripoti nyingi hueleza vizuri habari za matumbawe, kasa na mikoko, lakini zikifika kwa watu huandika mistari michache kuhusu ajira na barabara. Mtu anayejua kuuliza, kwa lugha ya wenyeji wenyewe, bahari ina maana gani kwao na wataathirika vipi ikifungwa, anaweza kuandika sura ambayo hakimu ataisoma kwa makini siku kesi ikifika mbele yake. Bali NEMA nayo haisajili mtu kwa mapenzi yake ya bahari. Inataka masomo ya mazingira au fani inayohusiana nayo, na mafunzo ya tathmini. Bora kuuliza masharti kabla ya kuchagua chuo.

Kazi za hifadhi na mikoko ziko katika mlango huohuo. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao tangu mwaka 2013 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yamesaidia maji na shule. Miradi ya aina hii haifi kwa kukosa miche. Hufa watu wasipoafikiana, wakishukiana, au wakiona wamenyang'anywa msitu wao kwa jina la kuuhifadhi. Anayeelewa nafsi za watu na msitu kwa pamoja ana thamani hapo, ingawa mishahara mingi ya miradi hutegemea wafadhili na mkataba huweza kwisha baada ya miaka miwili au mitatu. Mzazi na alijue hilo.

Ualimu na utafiti tuutaje kwa haraka. Mwalimu wa shule sharti asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mhadhiri anahitaji zaidi ya uzamili, na vyuo vilivyo karibu na Lamu, kama Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vitamtaka kwa fani yenye idara, si kwa jina jipya.

Unabaki mlango mmoja ambao haujatumiwa ipasavyo, nao ni afya ya jamii. Kenya ina madaktari wa akili wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Hakuna haja ya kungoja hadi kila kisiwa kipate wake. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 waliofunzwa kuketi na wagonjwa wa sonona kwenye benchi, nje ya zahanati, na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 573 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopata huduma hiyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao baada ya miezi sita. Benchi la namna hiyo halina ugeni kwa watu waliozaliwa na baraza. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wanaotembelea nyumba kwa nyumba. Wanahitaji mtu wa kuwafunza kutambua majonzi ya mvuvi, kuwasimamia, na kuwaonyesha ni wakati gani mgonjwa apandishwe boti kwenda hospitali kuu ya King Fahd, Lamu. Kwa kazi hii shahada ya afya ya umma au uuguzi, ikitiwa maarifa ya nafsi na mazingira, huenda ikamfaa mtu kuliko ekosaikolojia tupu.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji na akiulize chuo kwa barua: waliomaliza miaka mitano iliyopita wanafanya kazi gani, na wangapi kati yao wamesajiliwa na bodi yoyote? Barua ya pili aiandikie bodi ya Kenya anayotaka imsajili, akiambatanisha orodha ya masomo. Majibu yakiwa mazuri, alipe. Chuo kikikwepa swali, hilo nalo ni jibu.