Mjomba, umekufa tena: Nilivyocheza Mario kwa mara ya kwanza, Ronge

Likizo ya Agosti, dada yangu anayefanya kazi Mombasa alimleta mwanawe wa gredi ya 5 akae nasi Ronge Juu. Mtoto alishuka kwenye matatu na begi la nguo mgongoni na boksi dogo chini ya kwapa. Ndani ya boksi mlikuwa na kijimashine cheupe, vishikio viwili vya vitufe na nyaya za kuchomeka kwenye runinga. Ni zile mashine za kuigiza zinazouzwa mjini, zenye mamia ya michezo ya zamani ndani yake.

Dada alinipa kazi moja tu: nimsaidie kijana na hesabu. Hesabu za sehemu, zile za nusu ujumlishe na thuluthi, zilikuwa zimemshinda. Nami niseme ukweli, wiki ya kwanza nilikuwa mwalimu mbaya. Kila alipokosea nilipiga meza na kumuuliza akili yake iko wapi. Siku ya nne akaacha kuniuliza maswali. Anaandika jibu lolote, anafunga daftari, anarudi kwenye runinga yake.

Nikaamua kuificha ile mashine. Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa mchezo wowote isipokuwa bao, ndiye aliyenizuia. "Usikataze usichokijua," akasema. "Keti naye ucheze, kisha ndiyo ukataze."

Nina miaka 41. Utotoni kwetu Ronge hapakuwa na stima. Runinga ya jirani iliendeshwa kwa betri ya gari, na betri ilipoisha ilipelekwa Mwatate kuchajiwa. Moto wa betri ulikuwa wa taarifa ya habari na mpira, si wa michezo ya watoto. Nilipokwenda Voi niliwaona wenzangu wakibonyeza vitufe, kale kajamaa ka kofia nyekundu kanaruka, lakini zamu yangu haikufika. Kwa hivyo niliposhika kishikio jioni ile, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mchezo wenyewe ni Super Mario Bros. Ulitolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani tarehe 13 Septemba 1985, na waliousanifu ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Muziki wake ni wa Koji Kondo. Nakala zaidi ya milioni 40 ziliuzwa. Mchezo wote, na milima yake, bahari zake na nyimbo zake, una ukubwa wa kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp kwa kawaida ni kubwa kuliko hapo.

Huitwa mchezo wa majukwaa. Kwa mtu wa Ronge si vigumu kuuelewa. Mashamba yetu yamekatwa ngazi ngazi mlimani, na mtoto anayetumwa dukani huruka kutoka tuta moja hadi jingine badala ya kuifuata njia. Mario naye ndivyo afanyavyo. Anakimbia kuelekea kulia, anaruka mashimo, anapanda mabomba, anakanyaga maadui, mpaka afike kwenye mlingoti wa bendera. Kuna dunia 8, kila moja ina hatua 4, jumla hatua 32. Unaanza na roho tatu.

Mimi roho zangu tatu hazikumaliza dakika moja. Adui wa kwanza kabisa, kauyoga kenye uso wa hasira kanakotembea polepole, kaliniua mara zote tatu.

"Mjomba, umekufa tena," kijana akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. Hakunicheka. Alinirudishia kishikio na kuniambia, "Safari hii ruka mapema."

Baadaye nilielewa kwamba kile kifo cha kwanza kilipangwa. Hatua ya kwanza ya mchezo huu ni somo, ila halina maandishi. Mario anawekwa upande wa kushoto, mbele yake pako wazi, basi wewe mwenyewe unajua pa kwenda. Yule adui anakuja akiwa peke yake. Ukigongana naye unakufa, lakini hujapoteza kitu, maana ndiyo kwanza umeanza. Unarudi, unajaribu vitufe, unagundua kuruka. Juu kuna sanduku linalometameta lenye alama ya kuuliza. Ukilipiga kwa kichwa, uyoga unatoka, unateleza, unagonga bomba na kukurudia. Hata ukitaka kuukimbia, mara nyingi utakugusa tu, maana juu yako kuna matofali yanayokuzuia kuruka vizuri. Ukikugusa, unakuwa mkubwa. Umeshajifunza kwamba uyoga huu si adui, na hakuna aliyekupigia kelele.

Jambo la pili nililolipenda ni namna walivyofanya makubwa kwa vitu vichache. Ukitazama vizuri, mawingu ya angani na vichaka vya chini ni mchoro mmoja. Kimoja kimepakwa rangi nyeupe, kingine kijani. Hata sura ya Mario imetokana na uhaba. Alipochorwa mara ya kwanza kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, nukta za kuchorea zilikuwa chache mno. Masharubu yalimwepushia mchoraji kazi ya kuchora mdomo, na kofia ikamwepushia kuchora nywele. Mama aliposikia hivyo akasema huyo mchoraji ni kama mshonaji anayejua kukata kitambaa kidogo kikatosha.

Siku ya pili kijana alinionyesha njia ya mkato. Katika hatua ya pili ya dunia ya kwanza, ile ya chini ya ardhi, unaweza kupanda juu ya dari na kukimbia mpaka chumba chenye mabomba matatu. Moja linakupeleka dunia ya 2, jingine ya 3, jingine ya 4. Nikaingia la dunia ya 4 kwa furaha kama mtu aliyepata lifti mpaka Mombasa. Nilikufa hapo mpaka roho zikaisha. Dunia ya 4 inataka mbinu ambazo ungejifunza katika ya 2 na ya 3, nami sikupita huko.

Basi tukakubaliana: hakuna mkato, hatua zote 32 kwa miguu. Kijana akanipa siri moja halali. Roho zikiisha na mchezo ukikurudisha mwanzo kabisa, shikilia kitufe cha A kisha ubonyeze cha kuanzia. Utaanza mwanzo wa ile dunia uliyofia, si dunia ya kwanza. Kumbe hata mchezo unaosifika kwa ukali una mlango wa huruma, ila lazima uwe na mtu wa kukuonyesha.

Mwishoni mwa kila dunia kuna ngome yenye moto. Unavuka daraja, unagusa shoka, daraja linaanguka na adui. Kisha unaambiwa kwamba binti mfalme uliyekuja kumwokoa hayupo hapo, yuko ngome nyingine. Unaambiwa hivyo mara saba! Ngome ya dunia ya 4 na ya 7 zina hila zaidi. Ukichagua njia isiyo sawa, ukuta haukuzuii wala hufi. Unatembea tu, na ghafla unagundua umerudi palepale ulipopita. Tulizunguka humo jioni nzima mpaka kijana akachukua lile daftari lake la hesabu na kuanza kuchora: juu, chini, juu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilifungua daftari lile bila kulazimishwa.

Siku ya tisa tulimpata binti mfalme. Mama alikuwa jikoni, akaja kwa kelele zetu akidhani kuna nyoka.

Mchezo wa pili una hadithi yake. Ule Wajapani waliouita wa pili, wa mwaka 1986, ulikuwa mgumu kiasi kwamba Nintendo waliona hautawafaa wachezaji wa Marekani. Wakachukua mchezo wao mwingine wa mwaka 1987, Doki Doki Panic, wakabadilisha wahusika, wakautoa Marekani mwaka 1988 kwa jina la Super Mario Bros. 2. Ndiyo maana haufanani na ndugu zake. Maadui huwaui kwa kuwakanyaga. Unang'oa mboga ardhini na kuwatupia. Unachagua mmoja kati ya wanne, na binti mfalme, aliyekuwa mfungwa katika mchezo wa kwanza, hapa anapigana mwenyewe na anaelea hewani kuliko wote. Adui wa mwisho ni chura mkubwa asiyependa mboga. Unamshinda kwa kumtupia mboga mdomoni. Mama alisema huyo anawajua watoto wengi wa aina yake.

Mchezo wa tatu ndio uliotutoa jasho. Ulitoka Japani mwaka 1988 na Marekani mwaka 1990. Una ramani, mkia wa kurukia angani, na dunia 8: ya jangwa, ya bahari, ya majitu, ya mawinguni, ya barafu, na kadhalika. Ni mrefu sana, na hauhifadhi ulipofika. Ukizima mashine, unaanza upya. Kuna filimbi tatu za siri za kurukia dunia za mbele, lakini mkataba wetu ulikuwa ule ule. Kwa hivyo tulizima runinga usiku na kuiacha mashine ikiwaka mpaka kesho yake. Nilikuwa nikihesabu tokeni za stima huku nikiomba zisiishe.

Hazikuisha. Ila usiku wa sita, tukiwa dunia ya barafu, upepo ulivuma mlimani na stima ikapotea Ronge nzima. Asubuhi tukawasha: dunia ya kwanza, hatua ya kwanza. Nilitupa kishikio kwenye kochi na kusema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Kijana alikiokota. Akasema, "Mjomba, mashine ndiyo imesahau. Sisi hatujasahau."

Na kweli. Safari tuliyoifanya kwa siku sita tuliirudia kwa siku mbili. Mashimo tulishayajua. Kwenye ngome ya mwisho tukagundua hata haihitaji kumpiga yule adui mkubwa. Anaruka ili akuponde, anavunja matofali anayosimamia, na ukimkwepa vya kutosha anatumbukia mwenyewe.

Usiku ule nilikaa nikifikiri. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimekufa mamia ya mara mbele ya mtoto wa gredi ya 5. Hakunipigia meza hata siku moja. Hakuniuliza akili yangu iko wapi. Aliniambia nilipokosea, akanirudishia kishikio. Mimi nilipokuwa mwalimu wake sikuweza kumvumilia siku nne.

Kesho yake nikamwomba alete daftari. Nilimwomba radhi kwanza, jambo ambalo si jepesi kwetu wajomba. Kisha tukaanza na nusu ujumlishe na thuluthi. Akajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata 2/5, kosa lile lile la wiki ya kwanza. Safari hii sikumwambia ni kosa. Nilimuuliza: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Akafikiri, akasema nusu. Nikamuuliza, "Ulikuwa na nusu, ukaongezewa kitu, ukabaki na pungufu ya nusu?" Akalitazama jibu lake muda mrefu. Akacheka. "Nimeingia shimoni, mjomba."

Tukakata ndizi mbili, kila moja vipande sita sawasawa. Nusu ya ndizi ni vipande vitatu, thuluthi ni vipande viwili. Jumla vitano kati ya sita. Akaandika 5/6 bila kuambiwa, na zile ndizi akazila.

Sisemi kwamba runinga ndiyo mwalimu. Mchezo hauwezi kufundisha hesabu za sehemu, na mtoto akiachiwa atacheza mpaka macho yawe mekundu. Tuliwekeana saa moja jioni, baada ya kazi za nyumbani na za shule, na kulikuwa na siku za kuvutana. Ninachosema ni kwa mzazi, mlezi, mjomba au shangazi mwenye hasira ya karibu kama mimi. Kabla hujaichukua mashine ya mtoto, keti kando yake umwambie akufundishe. Kubali kushindwa mbele yake. Utamwona mtoto wako akiwa mwalimu, na huenda ukaiona picha yako mwenyewe usiyoipenda.

Siku moja kabla ya kurudi Mombasa nilimpa maswali 10. Alipata 6. Zamani angefunga daftari. Safari hii alilisukuma mezani mbele yangu na kuuliza, "Hizi nne tunaanzia wapi?"