Kitenzi Kinapokalia Kiti cha Nomino

Katika vikao vya kampuni za Uingereza na Marekani, meneja wa siku hizi huenda asiseme ana ombi, bali ana "ask". Kitenzi cha kuomba kimechukuliwa kilivyo, bila kuongezwa wala kupunguzwa herufi, kikapewa kazi ya nomino. Wenzake ni wengi: "reveal", "invite", "fail", "disconnect". Walinzi wa Kiingereza fasaha huchukia. Ya nini "invite", huuliza, ilhali "invitation" ipo?

Wanaolalamika huyadhania maneno haya kuwa ya juzi. Kamusi ya kihistoria ya Oxford inaonyesha "invite" ikitumika kama nomino tangu 1659, na "ask" ya namna hiyo ilikuwepo katika Kiingereza cha Kale, miaka 1000 hivi iliyopita. Ilififia karne nyingi, kisha katika miaka ya 1980 ikavuma Australia, kwenye habari za michezo, kwa maana ya jambo gumu ambalo timu inadaiwa kulitimiza. Kutoka viwanjani ikaingia maofisini.

Kiingereza kilifikaje hapa? Zamani kilikuwa na viishio vya kutosha. "Lufu" ilikuwa upendo, "lufian" kupenda, na hakuna aliyezichanganya, kama sisi tusivyochanganya cheka na kicheko, au pika na mapishi. Hadi kuelekea mwisho wa Zama za Kati viishio hivyo vilikuwa vimelika midomoni mwa watu, na maneno yote mawili yakabaki "love". Tangu hapo umbo la neno halitoshi kuonyesha aina yake. Hutazamwa limekaa wapi katika sentensi. Litangulize "the", tayari ni nomino.

Hata hivyo wasemaji walijitafutia alama nyingine: mkazo. "Record" ikiwa nomino, mkazo hukaa silabi ya kwanza. Ikiwa kitenzi, huhamia ya pili. Mwanaisimu Donka Sherman alipekua kamusi za kale na, katika makala aliyochapisha 1975, akaonyesha kwamba mwaka 1570 maneno ya tabia hii yalikuwa 3 tu: "outlaw", "rebel" na "record". Kufikia 1934 yalikaribia 150. Hapakuwa na bunge wala chuo kilichopitisha azimio.

Ubongo nao unaonekana kuuvumilia mchezo huu kuliko wahariri. Mwaka 2008 Guillaume Thierry wa Bangor, Philip Davis wa Liverpool na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio: watu walivishwa vipokezi vya umeme kichwani, wakasoma sentensi zenye maneno yaliyobadilishwa aina kwa mtindo wa Shakespeare, ambaye alipenda sana kufanya hivyo. Neno lisiloleta maana kwa kawaida huzusha wimbi la umeme takriban milisekunde 400 baada ya kusomwa. Wimbi hilo halikutokea. Lililotokea ni lile la milisekunde 600 hivi, linaloashiria kwamba ubongo unaupanga upya muundo wa sentensi. Yaani msomaji alistuka kidogo kwa sarufi, lakini maana ilimfikia.

Malalamiko yenyewe yana umri mkubwa. Mwaka 1789 Benjamin Franklin alimwandikia Noah Webster, mtunzi wa kamusi, akinung'unikia safari ya upande wa pili: nomino "notice", "advocate" na "progress" kufanywa vitenzi. Leo sijui mhariri gani angezikata.

Kwa maoni yangu, baadhi ya nomino hizi zinajilipia nauli. "Revelation" ina harufu ya dini, ndilo jina la kitabu cha Ufunuo. "Reveal" ni kile kipande cha kipindi cha televisheni ambapo pazia huondolewa na wenye nyumba wakaiona ilivyokarabatiwa. Ni mambo mawili tofauti. "Ask" ya mameneja ndiyo inayonitia shaka, na si kwa sababu ya sarufi. Anayesema "nawaomba mje Jumamosi" anaonekana, na anaweza kukataliwa. Anayetangaza kwamba "ask" ni kazi ya Jumamosi amejitoa mwenyewe ndani ya sentensi. Ombi limebaki, mwombaji hayupo.

Mkazo nao haujatulia. Wamarekani wengi wakitaja "address", anwani ya mtu, hukazia mwanzo, na wakiitumia kama kitenzi hukazia mwisho. Waingereza bado hukazia mwisho kote kuwili.