Reli ya Uhuru na Daftari la Tunduma

Wanazuoni wengi waliitazama TAZARA kwa jicho la dola: Nyerere, Kaunda na Mao, mikopo na siasa za Vita Baridi. Kitabu cha Jamie Monson kilichotoka mwaka 2009 kiligeuza mjadala huo. Kwake, reli ile ya kilomita 1,860 ilipata maana mpya mikononi mwa wakulima na wachuuzi waliosafirishia mazao yao. Hata hivyo, utafiti wake ulijikita zaidi upande wa Kilombero. Tunduma, reli inapovuka kuingia Nakonde, nayo yastahili kitabu chake. Wapo wazee walioshuhudia ujenzi wa miaka ya 1970. Mzazi, mketishe mwanao mbele ya babu yake, daftari mkononi, kabla kumbukumbu hizo hazijazikwa.