Nyaya Nne za Erthi, Kibanio Kimoja Kichafu

Asubuhi moja hapa Ruiri nilimkuta jirani yangu, mzee apelekaye vitunguu Isiolo kwa pikapu, akiitazama injini kama mtu atazamaye ng'ombe mgonjwa. Chini ya boneti palikuwa na nyaya nne mpya, nene, zilizotoka upande hasi wa betri na kutawanyika juu ya injini na bodi. Fundi alikuwa amemwahidi kwamba nyaya hizo za erthi zingeongeza nguvu, zipunguze matumizi ya petroli, na gari liwake mara moja. Pesa zilikwisha kulipwa. Stata ilikuwa ikigugumia vilevile, na wateja wa Isiolo hawangoji.

Je, nyaya hizo zina faida? Mimi nasema kwa magari mengi hazina, na sababu si ngumu kueleweka.

Umeme utokao kwenye betri sharti urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni chuma cha gari. Injini imekalia raba zisizopitisha umeme, ndiyo maana kiwanda huiunganisha na bodi kwa waya mnene. Waya huo ukikatika, umeme hujitafutia vijia vya hatari, hata kupitia kebo ya aksilereta, ikapata moto. Kwa hiyo erthi si jambo la mzaha.

Lakini tupige hesabu. Stata ya gari dogo yaweza kuvuta ampea 150. Waya wa shaba wa milimita 25 za mraba, wenye urefu wa mita moja, hupoteza takriban volti 0.1 tu kwa mkondo huo. Ukiongeza wa pili kama huo, utaokoa nusu ya hiyo 0.1, tena kwa sekunde chache za kuwasha gari! Kinyume chake, kiungo kichafu chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu hupoteza volti 1.5 nzima, katika betri ya volti 12. Adui ni uchafu, si uchache wa nyaya.

Tuliazima mita. Ncha moja tuliigusisha kwenye risasi yenyewe ya betri, si kwenye kibanio, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mzee akapiga stata. Erthi nzima haipaswi kuzidi volti 0.2 au 0.3. Mita ilisoma 1.1. Nyaya zote nne, ndugu msomaji, zilikuwa zimefungwa juu ya kibanio kilekile kilichojaa unga wa kijani!

Tulikifungua kwa spana, tukakiosha kwa maji moto, tukakisugua kwa msasa pamoja na ile risasi. Mita ikasoma 0.1, na gari likawaka.

Sisemi waya wa ziada haufai kamwe. Matatu yenye amplifaya kubwa huhitaji erthi yake nene, na pikapu kuukuu ambayo bodi yake imeliwa na kutu yaweza kuokolewa nao. Ninacholalamikia ni kuuziwa dawa kabla ya kupimwa, na fundi wa umeme asiye na mita anapima nini?

Mzee aliniuliza kama azirudishe zile nyaya adai pesa zake. Nilimshauri ajaribu. Alipofika, fundi alimwambia kwamba gari limewaka kwa sababu yazo.