Kisu Kilichozaliwa na Msumeno

Wakati wa mavuno katika bonde la Rufiji, mwanamke huingia shambani na kisu kidogo kiganjani, akakata masuke ya mpunga moja moja. Mundu ungemaliza jaruba mapema, lakini masuke hayaivi kwa pamoja, na lililokomaa sana likitikiswa hupukutika. Baada ya miezi ya kulala juu ya dungu kuwafukuza nguruwe na ndege, nani atakubali punje zimwagike matopeni? Kazi hiyo inataka kisu chembamba, chepesi, chenye makali ya kudumu, na chuma cha msumeno mkuukuu kinakidhi yote matatu.

Mji wa Kibiti, eneo hilohilo, haukosi misumeno ya aina hiyo. Wapasuaji mbao walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, mmoja akapanda juu, mwenziwe akashuka chini, wakavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, biashara ya mbao ikapata njia isiyongoja kivuko. Msumeno uliotiwa tupa mpaka meno yakaisha haupasui tena mninga, ila chuma chake bado ni kizima.

Fundi anayejua huanza kwa kukijaribu. Tupa iking'ata kwa shida, ugumu upo. Misumeno ya duara yenye meno ya kubandikwa humdanganya asiyejua: ugumu umo kwenye meno, bamba lenyewe ni laini na halishiki makali. Akiridhika, huchora umbo la kisu kwa ncha ya msumari pamoja na msuka utakaoingia mpinini, akakata kwa tindo juu ya fuawe au kwa mashine ya kusagia. Hapa ndipo subira inapotakiwa. Chuma hiki kilitiwa ugumu kiwandani, hakihitaji mivukuto wala mkaa, na moto ndio adui yake. Ukikisaga kwa pupa kikageuka rangi ya bluu, pale palipogeuka pamelainika, na kinoo hakirudishi ugumu uliopotea. Kwa hiyo hukisaga kidogo, hukichovya majini, hukisaga tena. Mimi humpima fundi kwa ndoo yake ya maji kabla sijatazama visu alivyoning'iniza.

Makali yana heshima yake huku. Wakazi wengi ni Waislamu, na Mtume aliagiza mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama asiteseke. Mchinjaji mwema hunoa mapema, mbali na macho ya mnyama, na hatumii kisu butu hata kama wageni wamekwisha kuketi. Ndiyo maana fundi anayeuza bamba laini kwa kulipaka mng'aro anakosea kuliko anavyodhani. Madhara yake hayaishii mfukoni mwa mnunuzi.

Kisu kizuri hunolewa miaka mingi, kila msimu kikipungua upana. Kikishakuwa chembamba mno kwa jikoni hakitupwi, kwani bado kinafaa kuchania ukindu wa mikeka.